Mtoto Mwenye Selimundu Hakurogwa

Selimundu ni ugonjwa wa damu. Mtoto huzaliwa nao. Lakini wako wanaosema mtoto karogwa, au mama ana mkosi. Maneno hayo si kweli, nayo huvunja nyumba.

Mtoto huyu huzaliwa akiwa na afya. Hunyonya na kunenepa. Akifikia kama miezi sita, vidole huvimba, damu hupungua, naye hulia kwa maumivu. Watu huuliza: "Mbona alizaliwa mzima?" Ndipo mchawi hutafutwa.

Jibu limo ndani ya damu. Hewa safi hubebwa mwilini na kitu kiitwacho hemoglobini. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya kichanga. Hiyo haina kasoro. Baada ya kuzaliwa hupungua, na hemoglobini ya ukubwani hushika nafasi yake. Kwa mwenye selimundu, hii ya ukubwani ndiyo mbovu. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Nani huamuru mabadiliko hayo? Ni protini. Protini si ile ya maharage tu. Mwilini zimo protini zinazofanya kazi kama nyapara. Husimamia maagizo ya urithi yaitwayo jeni: hili lifanye kazi, lile lipumzike. Nyapara mmoja huitwa BCL11A. Huyo ndiye huzima hemoglobini ya kichanga. Wataalamu waliitambua kazi yake mwaka 2008. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayompunguzia nguvu nyapara huyo, ili hemoglobini ya kichanga irudi. Lakini huko Marekani bei yake ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja.

Je, tukae tukisubiri? Hapana. Ipo dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea. Nayo huongeza hemoglobini ya kichanga. Maoni yangu ni kwamba dawa hii ifike karibu na vijiji, na kila mtoto apimwe damu anapozaliwa.

Nanyi akina baba, msimfukuze mama. Mtoto hurithi selimundu kwa wazazi wote wawili, hata kama wao ni wazima. Mpelekeni mtoto hospitali mapema. Mpeni maji ya kutosha. Alale ndani ya chandarua. Mganga wa ramli hawezi kumwamuru nyapara aliye ndani ya damu.