KIOO KISIPOSIKIA, ABIRIA ASIADHIBIWE

Hebu jiweke mahali pa vijana wenzetu waliotoka kwenda kubeba maboksi Uingereza. Uko kwenye kituo kidogo cha reli nje ya London, alfajiri, baridi kali, unawahi kibaruani. Dirisha la tiketi limefungwa. Pembeni ipo mashine yenye kioo. Unagusa jina la kituo unachokwenda: kimya. Unagusa tena: kinakuletea kituo kingine kabisa. Nyuma yako foleni inakutazama kama mshamba aliyeshuka jana na jembe begani. Treni inaingia. Unapanda bila tiketi.

Sasa wewe ni nani? Machoni pa mkaguzi, wewe ni mwizi mpaka ujieleze. Tangu Januari 2023 faini kwenye reli za England imepanda, kutoka pauni 20 au nauli mara mbili, hadi pauni 100 na nauli juu yake. Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka hadi 50. Hata hiyo 50 ni ujira wa karibu saa nne kwa mtu anayelipwa kima cha chini.

Kwanza kabisa, acha kujilaumu. Vioo hivyo si vya aina moja, na hakuna aliyekuambia uko mbele ya kipi. Vipo vya zamani vinavyotaka kubonyezwa kwa nguvu. Hivyo ukipapasa kama simu yako havijui kama upo, lakini kifuniko cha kalamu kinafanya kazi. Vipo vinavyotambua umeme wa mwilini. Hivyo glovu vinaikataa, maji ya mvua yanavichanganya, na kidole chenye sugu ya zege kinaweza kisionekane kabisa. (Angalia maajabu: mashine ya umma isiyomtambua mtu kwa sababu amefanya kazi!) Vipo vingine vyenye miale isiyoonekana inayopita juu ya kioo, uchafu pembezoni, au mkono wa koti lako, unatosha kuikata miale hiyo na mashine ikadhani umechagua.

Basi fanya hivi. Futa kioo. Vua glovu, kausha kidole. Kama wewe ni mrefu, inama mpaka macho yako yawe sawa na kioo, maana kioo kinene kinadanganya na ukisimama unagusa juu ya unachokitaka. Gusa mara moja, kisha hesabu hadi tatu. Usigonge gonge kwa hasira! Mara nyingi mashine imesikia ila ni nzito, na kila unapogonga inaweka kiporo, mwisho inakuuzia tiketi ya watu wawili. Ikishindikana, jaribu mashine ya jirani. Ikishindikana hiyo nayo, toa simu, piga picha ya kioo ikionyesha saa na jina la kituo. Ukipanda, mtafute mkaguzi kabla yeye hajakutafuta.

Picha hiyo ndiyo wakili wako. Kanuni za faini za huko za mwaka 2018 zinasema abiria hatozwi faini kama pale alipopandia hapakuwa na njia inayofanya kazi ya kukata tiketi. Na ukitozwa una siku 21 za kukata rufaa. Wangapi wanalipa bila kujua haya? Mwenye haraka, mgeni, asiyejua Kiingereza cha kubishana, huyo analipa tu.

Wakubwa wa reli wa huko walitaka kwenda mbali zaidi. Julai 2023 walitangaza mpango wa kufunga karibu madirisha yote ya tiketi England. Hoja yao ilikuwa kwamba tiketi 12 tu katika kila 100 ndizo zinazouzwa dirishani. Sawa, lakini hao 12 ni akina nani? Ni wazee, ni vipofu, ni mwenye fedha taslimu asiye na kadi, ni wewe uliyeshindwa na kioo. Wananchi walipeleka maoni yapatayo 750,000. Oktoba 31, 2023 serikali ikasalimu amri na mpango ukatupwa.

Wewe wa Kariakoo usiseme hayo ni ya Wazungu. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 14, 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Tiketi zinakatwa kwa mtandao, na vigogo wetu tunawajua: wakishaona mtambo unang'aa kwenye semina nje ya nchi, wanarudi na mkataba wa kuununua. Hatupingi mtambo. Tunachodai ni kwamba popote utakapowekwa, karani abaki dirishani mpaka treni ya mwisho iondoke. Namba ya kupiga ibandikwe pale pale, na ipokewe. Na kanuni iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ukutani: mashine ikiwa mbovu, abiria anapanda na kulipa nauli ya kawaida ndani ya treni. Kanuni hiyo iandikwe kabla mkataba wa mashine haujasainiwa. Mbunge wako anaweza kuuliza swali hilo kikao kijacho. Umeshamwambia?