Uliza Breki Kwanza

Mtu akifungia Land Rover yake kuukuu injini ya Isuzu hapo uani, marafiki humwuliza swali moja tu: inavuta aje? Hakuna anayeuliza itasimama aje.

Wapo wanaolia ati gari si orijino tena. Upuzi. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyochoka hailishi mtu, na fundi wa jua kali anayeoanisha dizeli ya Mjapani na giaboksi ya Mwingereza ni mhandisi, awe na cheti au asiwe nacho. Ugomvi wangu si huo.

Ugomvi wangu ni boosta ya breki. Injini ya petroli hufyonza hewa, na boosta hutumia mfyonzo huo kuupa mguu wako nguvu. Dizeli haina mfyonzo wa kutosha. Huhitaji pampu, ambayo kwa Isuzu nyingi hukaa nyuma ya alteneta. Sasa mtu anabana pesa, anafunga alteneta isiyo na pampu. Taa zinawaka, betri inachaji, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Juu ameongeza uzito na mwendo. Magurudumuni ni zile zile breki za dramu za Series III.

Hebu teremka Mai Mahiu hivyo, watoto wakiwa nyuma.

Injini ikikataa, utasukumwa. Breki zikikataa, utazikwa. Kwa hivyo fundi akisema kazi imeisha, usimlipe salio kabla hajakuonyesha pampu iko wapi.