Mtungi na Sauti Yake

Ukipata kufika Matema siku ya Jumamosi, usikae ufukweni ukiyatazama maji tu. Nyosha miguu kidogo hadi Lyulilo, mahali ambapo milima ya Livingstone inakaribia kuzama ziwani, ukaone gulio la vyungu. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga katika vijiji vyao vya kando ya ziwa, kama vile Ikombe, kisha huvileta kwa mitumbwi, vikiwa vimepangwa kwa uangalifu mkubwa, maana wimbi moja la Ziwa Nyasa laweza kuimaliza kazi ya siku nyingi. Kutoka hapo vyungu hivyo husafiri hadi Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya.

Mtazame mnunuzi mzoefu. Nakshi haimbabaishi. Hukiinua chungu, hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa mlio uliofifia, naye hukirudisha chini bila neno. Mnunuzi huyo haichukui sauti ya chungu kuwa ni kitu kilichokaa peke yake. Anafahamu kwamba sauti ile inamletea habari za udongo uliochaguliwa, za mkono ulioufinyanga na za moto uliouchoma.

Nimekuleta gulioni kwa sababu leo nataka tuzungumze habari za binti mmoja wa wafinyanzi. Yeye hakuzaliwa kandokando ya ziwa letu. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa binti Saad. Jina hilo halikuwa la mzaha, kwani wazazi wake walikuwa watumwa, watu wenye asili ya huku bara. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 alikuwa msichana mkubwa. Kazi aliyoijua ilikuwa kuuza vyungu vya nyumbani kwao, akitembea na kuvinadi, na inasimuliwa kwamba watu waliitambua sauti yake kabla hawajauona uso wake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa uimbaji wa taarabu na Bwana Ali Muhamed, akajiunga na wapigaji hodari kama Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Baada ya muda hakuna aliyemwita Mtumwa tena. Aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingia katika santuri. Santuri hizo zilinunuliwa kwa maelfu na kusikilizwa mwambao wote na mbali ndani ya bara.

Kwa lugha ya siku hizi tungesema kwamba Siti binti Saad alikuwa nyota. Na kama ilivyo kwa nyota wengi, mji mzima ulijiona una haki ya kumpima. Wenye husuda walimtungia wimbo wa kumsimanga. Walimkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, wakamdharau kwa asili yake, na mwishoni wakatia hoja iliyofanana na sifa: kwamba kisichokuwa sauti, mwanamke yule hakuwa na kitu.

Ndugu msomaji, nakuomba usilipite neno hilo haraka. Tusi la kaniki kila mtu analiona kuwa ni tusi. Lakini hili la sauti limevaa nguo ya sifa, na kwa sababu hiyo limeishi muda mrefu kuliko waliolitamka. Hata leo, anayetaka kumsifu Siti husema kwamba alijaliwa sauti. Aliyejaliwa kitu hakukifanyia kazi. Ukimwambia mtu kwamba ana sauti na ukaishia hapo, umemnyima akili, umemnyima jicho, umemnyima miaka aliyokaa akijifunza. Siti mwenyewe aliliona jambo hilo. Jibu lake kwa wasimangaji, ambalo pia alilitoa kwa wimbo, halikuitetea sauti hata kidogo. Alisema kwamba thamani ya mtu haimo katika sura wala katika nasaba, bali katika akili.

Akili hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa katika mambo aliyoyachagua kuyaimba. Kabla yake taarabu ya Unguja ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza kuwaimbia wakubwa kwa lugha hiyo, lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliiweka katika Kiswahili cha Ng'ambo, mtaa wa wavuvi, wachukuzi, wafuaji nguo na watumwa wa jana. Wengi wao hawakujua kusoma. Mambo ya mahakamani na ya ofisi za serikali ya Waingereza yaliwafikia kama uvumi. Siti na wenzake walizichukua habari hizo, wakazipima, wakazitia katika beti, na usiku ule ule mtaa ukajua kilichotokea.

Chukua mfano wa wimbo uitwao Kijiti. Mwanamke mmoja mja mzito alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Wenyeji wake wakamchukua matembezini usiku. Humo alikuwemo mwanamume aliyeitwa Kijiti, ambaye alimnajisi na kumwua, kisha akatorokea bara. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Hakimu akawageuzia kibao, akawaona wao ndio wenye makosa kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa usiku ule. Adhabu ikawaangukia mashahidi, na muuaji akabaki huru.

Habari kama hiyo ingeandikwaje na mwandishi wa zama zile? Yamkini isingeandikwa kabisa. Siti aliiimba, tena kwa kuwataja watu na kuieleza hukumu ilivyokuwa, ili kila msikilizaji awe hakimu wa hakimu yule. Vivyo hivyo aliimba habari za wenye elimu waliotumia kalamu kuwadhulumu wanyonge, hata mwisho wao ukawa jela. Hiyo si kazi ya koo peke yake. Ni kazi ya mtu aliyejua lini aseme wazi na lini afumbe, jina lipi alitaje na lipi aliache, na jinsi ya kulitia jambo zito katika wimbo ambao watu wangependa kuurudia. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Si bure kwamba Shaaban Robert, mtunzi mkubwa wa bara, aliona inafaa kuandika wasifu wa mwimbaji huyo. Siti alifariki mwaka 1950.

Wimbo wa Kijiti haukufa naye. Uliendelea kuimbwa na Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyezijua vema nyimbo za Siti, na ambaye aliimba mpaka uzeeni hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa kutambua mchango wake katika muziki wa ulimwengu. Lakini, ndugu msomaji, unakumbuka nini juu ya Bi Kidude? Wengi tunakumbuka sigara yake na ule ubishi usiokwisha juu ya umri wake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa mwalimu wa unyago, aliyewafunda wasichana kwa ngoma na maneno. Na katika majukwaa ya ughaibuni watu wasiojua neno la Kiswahili walimshangilia na kucheza. Walikuwa wakicheza kifo cha mja mzito, nao hawakujua.

Lakini sisi tusijione bora kuliko wageni wale. Mwaka 2001 nchi yetu nzima ilimpenda Saida Karoli wa Kagera, aliyeimba kwa Kihaya. Wimbo wake wa Maria Salome tuliubandika jina la Chambua kama Karanga, kwa kuwa hayo ndiyo maneno tuliyoyaelewa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny, kijana wa kwetu Mbeya, wakauamsha upya kwa jina la Salome, tukacheza tena. Katika miaka yote hiyo 15, ni wangapi kati yetu tuliomwendea jirani Mhaya, ambaye hakosekani katika kila mtaa wa mjini, tukamwuliza: je, dada huyu anasema nini?

Sasa nikueleze lililonipata mimi mwenyewe, maana nimekulaumu vya kutosha.

Sisi Wanyakyusa tuna desturi ambayo wageni hawakuifahamu upesi. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wataalamu walioishi katika nchi yetu kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika jinsi wanawake walivyolia na kuomboleza mazishini, huku wanaume wakicheza ngoma na mikuki mikononi. Mgeni aliyepita njiani angedhani ni sherehe. Wenyeji walijua kwamba ile ngoma nayo ilikuwa kilio.

Shangazi yangu, aliyeishi upande wa Ipinda, alikuwa mwombolezaji. Msiba ukitokea, hata vijiji vya mbali walituma mtu kumwita. Hakuwa na daftari. Aliketi karibu na maiti, akaanza polepole, na kadiri alivyoendelea ndivyo maisha ya marehemu yalivyofunguka mbele ya watu: ng'ombe walioahidiwa wakasahauliwa, ndugu walioacha kusalimiana, mashamba ya mpunga yaliyolimwa na mmoja na kuvunwa na mwingine. Katika ukoo wetu sifa yake ilikuwa moja tu. Tulisema, "Shangazi ana sauti."

Baba yangu mdogo alipofariki nilitoka mjini kwa basi, nikafika Kyela na mvua, nikiwa nimebeba sanda nzuri na fedha za kununulia mchele na nyama. Nilijiona nimetimiza wajibu. Shangazi aliomboleza muda mrefu. Kinyakyusa changu kimechakaa kwa kukaa mjini, kwa hiyo nilishika neno hapa na pale, lakini sauti ile ilinitoa machozi. Jioni nikamwendea, nikapiga goti kidogo kwa heshima, nikamwambia: "Shangazi, sauti yako bado ni nzuri mno."

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Sauti umeisikia, mwanangu. Na maneno?"

Sikujua la kujibu. Kesho yake nilimwuliza binamu yangu, naye alisitasita sana kabla ya kunieleza. Shangazi alikuwa ameomboleza juu yangu. Alimweleza marehemu kwamba mtoto wake wa mjini amekuja hatimaye, na kitambaa alichomletea ni cheupe kupita vyote, ila njia ya kuja ilikuwa wazi tangu kiangazi, wakati yeye akiugua na kuuliza kila basi lilipopiga honi. Watu wote pale uwanjani waliyaelewa maneno hayo. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia sauti.

Nilikusudia kurudi kwake nikakae naye, anirudie maneno ya misiba aliyoikumbuka, niyaandike. Nilikusudia kwa miaka minne. Aliponitangulia, waliomwombolezea walikuwa wa kawaida tu, na hakuna aliyeweza kusema juu yake yale ambayo yeye angeyasema juu ya mtu mwingine. Vitukuu vyake wanajua kwamba bibi alikuwa na sauti. Hawana hata ubeti mmoja.

Ndiyo maana naandika haya katika ukurasa huu wa familia. Nyumbani mwako yumkini yuko binti anayeimba katika kwaya au anayenong'ona nyimbo jikoni. Ama unamkemea kwamba muziki ni uhuni, ama unamsifu mbele ya wageni kwamba ana sauti. Jaribu njia ya tatu. Mwambie akae, azime redio, akueleze maneno yake: ameyatoa wapi, kwa nini ameliweka hili na kuliacha lile. Huenda ukagundua kwamba amekuwa akiitazama nyumba yako kwa makini kuliko unavyodhani, na mengine hutayapenda. Vumilia. Na kama yuko mama mzee kijijini ambaye huitwa kwenye ngoma au misiba, usingoje likizo ya mwakani. Nenda na daftari, na kama lugha ya kwenu imekuchakaa kama ilivyonichakaa mimi, nenda na mtu wa kukufasiria.

Hapa sebuleni kwangu kipo chungu nilichokinunua Lyulilo katika safari ile ya mazishi. Wageni hukisifu kwa nakshi yake. Juzi mjukuu wangu alikigonga kwa kidole, kikalia, akacheka, akakigonga tena. Kisha akaniuliza ni nani aliyekitengeneza. Nikaona aibu, kwa sababu siku ile nilimlipa mama yule fedha zake, na jina lake sikumwuliza.

Tuonane Jumapili ijayo.