Mashine Zimenyamaza Songea, Hesabu Haijesha

Wanachama wetu wengi wanaijua karafuu kuliko wanavyoujua moshi, wala si ajabu. Walakini moshi huu unaozidisha joto la dunia unatuhusu, na mara hii twapenda kuuzungumza kwa kuanzia mbali, Bombambili, kata moja ya mji wa Songea katika Mkoa wa Ruvuma, ambako baadhi yetu tulipita kwa shughuli za biashara.

Kwa miaka mingi Songea ilikuwa nje ya gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka katika mashine za dizeli, na mafuta yenyewe yalibebwa kwa magari mamia ya maili, kwa hivyo moshi ulitoka mara mbili, njiani na mashineni. Tangu 2015 masista wa Chipole walitia mkono wao kwa mtambo wa maji wa Tulila, wenye megawati 5, katika Mto Ruvuma. Nasi twawapa hongera, maana si kazi ndogo kwa watawa. Kisha mwaka 2018 ikafika laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba, iliyosaidiwa na Sweden, na mashine za dizeli zikanyamaza.

Sisi wa Pemba hatuna haja ya kuelezwa maana yake. Kabla ya 2010 tuliishi kwa mashine za Wesha, na kila mtu mzima anakumbuka tabu zake. Waya wa baharini kutoka Tanga, wa megawati 25, uliogharimiwa na Norway, ndio uliotupumzisha. Kwa hivyo asemaye kwamba Serikali haikufanya kitu katika jambo hili hasemi kweli. Ni kweli pia kwamba umeme wa gridi ulikuwa bado ukitoka kwa wingi katika gesi ya Songosongo na Mtwara, ambayo nayo ni moto. Lakini hivi sasa kuna bwawa la Mwalimu Nyerere katika Mto Rufiji, la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mapema 2024. Na sehemu ya maji ya Rufiji huletwa na Mto Luwegu kutoka huko huko kusini.

Basi tatizo letu liko wapi? Liko katika hesabu.

Mwaka 2021 Jamhuri ya Muungano iliuahidi ulimwengu kwamba ifikapo 2030 itapunguza hewa hizo chafu kwa asilimia 30 hadi 35. Wengi walioisikia khabari hiyo walidhani moshi wa leo utapungua kwa theluthi. Sivyo. Punguzo hilo hupimwa na ule moshi ambao ungekuwapo mwaka 2030 lau kama hapana lililofanywa. Na tutoe mfano ambao mwenye shamba hatashindwa kuufahamu. Mtu anakisia kuwa msimu ujao atakopa laki tatu kwa kulipa wachumaji. Ukifika msimu akakopa laki mbili, kisha akatangaza barazani kuwa amepunguza deni kwa theluthi. Kwa kisio lake amesema kweli, lakini deni lipo, na pengine limezidi lile la mwaka jana.

Hatusemi kuwa hiyo ni hila. Nchi yetu haitoi hata sehemu moja katika mia ya hewa chafu ya dunia nzima, na haifai kudaiwa sawa na nchi zilizochoma makaa kwa karne mbili. Twasema tu kwamba mwananchi aelezwe kisio ni lipi na moshi halisi ni upi, kila mwaka, kwa lugha anayoifahamu.

Tena kuna jiko. Bombambili taa ni za gridi, lakini chini ya sufuria kuna mkaa, kama ilivyo kwetu kuni na mkaa wa polo. Khasara kubwa ya nchi hii katika mambo ya hewa haitoki katika mitambo ya umeme bali katika misitu inayokatwa. Serikali iliziamuru taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mei mwaka huo ikatoa mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mkakati ni mzuri. Lakini mama wa nyumbani hapiki kwa mkakati. Hupika kwa kile anachoweza kukinunua siku ile, na mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo kama mkaa.

Jambo la mwisho halisemwi sana. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilaya ya Mbinga, hupita Songea kwa malori kuelekea bandari ya Mtwara, khasa tangu 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei. Kwa kanuni za mataifa, moshi wa makaa hayo huandikwa katika daftari la nchi inayoyachoma. Mji ule ule uliozima dizeli unapitisha makaa, na daftari letu linabaki safi! Hatusemi Mbinga wafunge machimbo, maana watu wanakula hapo. Lakini maji ya chumvi yanayoingia katika mabonde yetu ya mpunga hayaulizi moshi uliandikwa kwa nani, wala mvua inayotukuta karafuu ziko juu ya majamvi.

Kamati inaiandikia barua Serikali kuomba hesabu hiyo ya kila mwaka, pamoja na ya makaa yanayosafirishwa. Wanachama ambao mabonde yao yameingiwa na chumvi wampelekee Katibu khabari, wataje shehia na mwaka ilipoanza, kabla ya uchumaji haujaanza, kwani tukishapanda mikarafuuni hapana atakayekumbuka barua.