Uzee katika Mizani ya Kuazima

Wako wataalamu wasemao kwamba siha ya uzee ni jambo la hesabu: mzee aulizwe maswali, majibu yajumlishwe, na jumla imtangaze kuwa mzima au mgonjwa. Karatasi ya maswali ikisha kufasiriwa kwa Kiswahili, hudhani kazi ya lugha imekwisha. Dhana hiyo ina kosa, na kosa lake si dogo. Mzee aliyepungukiwa katika jumla huweza kuandikwa kuwa akili zimempungua, na tangu siku hiyo neno lake juu ya shamba lake likawa halina uzito mbele ya wanawe.

Itazamwe saa. Katika kipimo cha akili kilichotolewa Montreal mwaka 2005, na ambacho kimeenea katika nchi nyingi, mpimwa huambiwa achore uso wa saa, mishale yake ionyeshe dakika kumi baada ya kile ambacho Mwingereza hukiita saa kumi na moja. Mfasiri mwaminifu ataandika saa tano na dakika kumi. Mzee wa Tanga, aliyehesabu saa zake tangu macheo maisha yake yote, apeleke mshale wapi? Akiuweka penye 11, amefuata mazoea ya saa ya ukutani. Akiuweka penye 5, amelitii neno aliloambiwa. Mfasiri mwingine, mtumwa wa tarakimu, ataandika saa kumi na moja, na mzee ajuaye sana saa za ukutani ndiye atakayekosa, kwa kuwa atauelekeza mshale penye 5, jioni, jua likikaribia kuchwa. Ni wapi hapo ulipopimwa ubongo?

Kipimo kingine, cha mwaka 1975, humtaka mtu ataje kinyumenyume herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya dunia. Neno hilo hufasiriwa, na kumbe halifasiriki. Kiswahili hufundishwa kwa silabi: du, ni, a. Na mzee wa pwani aliyejifunza chuoni kwa herufi za Kiarabu hana desturi ya kuihesabu irabu fupi kuwa herufi. Kwake ni alama tu, juu au chini ya konsonanti. Kushindwa kwake hueleza alisoma wapi, hakuelezi anavyozeeka.

Watetezi wa mizani hizi watajibu kwamba mambo ya mwili hayana lugha. Mwaka 1963 Sidney Katz na wenzake, huko Cleveland, Marekani, walitoa orodha ya mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuondoka kitandani hata kitini, kuzuia haja, na kula. Hapana shaka orodha hiyo ilikuwa na manufaa makubwa kwa wauguzi. Lakini mzee akiulizwa, "Je, waoga peke yako?", ataitikia kwa fahari kwamba huoga peke yake, maana hapana jicho limwonalo; swali lilitaka kujua kama huoga bila ya msaada. Maji huenda yalichotwa na kupelekwa bafuni na mjukuu, nayo ni heshima, si udhaifu. Lawton na Brody waliongeza mambo manane mwaka 1969, yakiwamo simu, upishi, ufuaji na matumizi ya fedha. Wanaume hawakuhesabiwa upishi, ufuaji wala kazi za nyumba. Basi watungaji wenyewe walikiri kwamba mila huingia katika mizani, ila mila waliyoiona ni ya kwao. Bibi mwenye wakaza wana wawili hapiki; akishika mwiko, wao ndio watakaoona haya.

Mwendo wa miguu, unaopimwa kwa mita na sekunde, hauna shida hiyo, na nguvu ya kiganja vivyo hivyo. Kuinuka kitini mara tano ni jambo jingine: aliyeketi mkekani miaka sabini huinuka kutoka chini kabisa, na hapana anayemhesabia.

Haisemwi hapa kwamba vipimo viachwe. Kuviacha ni kumtelekeza mgonjwa wa kweli kwa neno lile la kivivu, "Ni uzee tu." Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitunga katika miaka ya 2010 kipimo cha akili kwa wazee, wengi wao wasiopata kusoma shule. Mahali pa kalamu waliweka njiti za kiberiti: mzee huonyeshwa umbo, naye hulipanga kwa njiti. Mkono usiojua kuandika haukuaibishwa.

Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2015 kwamba kuzeeka kwa afya ni kukuza na kudumisha uwezo wa mtu wa kuwa, na kutenda, yale anayoyathamini. Kwa tamko hilo swali la kwanza ni la kumwuliza mzee mwenyewe anathamini nini. Ataulizwa kwa maneno gani, na nani aliyewahi kuyachagua maneno hayo akiwa ameketi naye barazani?