Watoto wa Kakontwe wanangojea mtunza maktaba, si mashine tu

Kila watu wanapozungumzia maktaba kwa ajili ya watoto wa Kakontwe, hapa mjini Likasi, majibu huwa mawili. La kwanza: simu ipo, maktaba ya nini? La pili: ngojeni kwanza intaneti ifike vizuri na umeme utulie. Yote mawili ni ya kukwepa.

Simu ipo, ndiyo. Lakini ni ya baba, anaondoka nayo asubuhi, na mega zilizonunuliwa kwa franka za unga zinaisha kabla somo la hesabu halijaisha. Kwa familia iliyokimbia vita na kupanga chumba kimoja, hata hizo mega ni ndoto. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Tangazo peke yake halimpi mtoto kitabu.

Kuhusu intaneti, jirani walikwisha kuonyesha njia. Mwaka 2014, huko Burundi, wakimbizi Wakongomani waliletewa kambini Ideas Box ya shirika la Bibliothèques Sans Frontières: masanduku yenye vitabu, tableti, skrini na jenereta yake. Na hata bila masanduku hayo, kompyuta ndogo ya kushika kiganjani inaweza kubeba Kiwix, programu inayosomesha Wikipedia bila mtandao, pamoja na Kolibri yenye masomo na mazoezi. Inatoa waifai yake yenyewe, tableti zinasoma bila mega hata moja. Betri na sahani ya jua vinatosha. Kobalti ya betri inatoka wapi, wakaaji wa Haut-Katanga hawahitaji kuambiwa.

Kinachokosekana ni mtu. Mashine haijui kwamba mtoto aliyetoka Mitwaba aliachia masomo darasa la tatu, akakaa miaka miwili akikimbia. Mtunza maktaba atamuuliza, atamtafutia somo la kiwango chake, atachaji tableti, na atakataa zisigeuzwe za kutazama sinema. Kazi hiyo haifanywi mwaka mzima kwa kujitolea. Wanaoleta mashine, wanapiga picha na kwenda zao, wanaleta takataka za kesho.

Pesa? Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa miji, komini na maeneo mengine ya utawala wa chini yenye migodi. Tena inadai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Jengo lililopakwa rangi hupigwa picha. Mshahara haupigwi picha, basi unasahauliwa.

Viongozi wa kata na wazazi wanapoitwa kwenye mazungumzo ya daftari la masharti, wadai mstari mmoja wa mshahara wa mtunza maktaba. Na mstari wa pili: mtoto aliyekimbia aingie bila kuulizwa karatasi za shule alizoziacha kwenye nyumba iliyoungua.