Udhia Si Jambo la Kupuuzwa

Neno la Kiingereza "nuisance", ambalo siku hizi hutupiwa nzi wa mezani au mgeni asiyejua saa ya kuaga, asili yake ni kitenzi cha Kilatini "nocere", yaani kudhuru, kilichopitia Kifaransa cha kale kabla ya kutia nanga Uingereza. Na ijapokuwa midomoni mwa watu limepoteza makali, mahakamani lingali na ukali wake.

Mwaka 1610, katika kaunti ya Norfolk, Uingereza, William Aldred alimshtaki Thomas Benton kwa kujenga banda la nguruwe karibu na nyumba yake, hata uvundo ukamharamishia raha ya kukaa kwake. Mdaiwa akajitetea kwamba nguruwe ni riziki ya wanadamu, na kwamba haimpasi mtu kuwa na pua laini kiasi cha kushindwa kustahimili harufu yao. Mahakama haikuikubali hoja hiyo. Ikampa Aldred haki yake, kwa kuwa hewa safi ni stahili ya mwenye nyumba.

Walakini hoja ya pua laini haijafa. Mwenye ukumbi ambaye vipaza sauti vyake vinatikisa vioo vya majirani saa nane za usiku, akiombwa apunguze, aghalabu hujibu kwamba mji ndio huu, na mwenye kutaka kimya ahamie shamba. Na wapita njia, badala ya kumwonea aibu, humcheka mlalamikaji. Wanasahau kwamba kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya, zilizorithi fikra za sheria ya Kiingereza, zinahesabu udhia kwa umma kuwa ni kosa la jinai.

Wala si fikra ngeni pwani yetu. Udhia ni neno lenye asili ya Kiarabu, nako pia hubeba maana ya madhara. Na Waislamu wamefundishwa katika hadithi kwamba kuondoa cha kuudhi njiani ni tawi mojawapo la imani.

Basi mjumbe wa mtaa apokeapo lalamiko, asianze kwa kupima subira ya aliyelileta. Aulize kwanza amenyang'anywa nini, usingizi au pumzi, kisha amtake mwenye kuudhi akirejeshe.